Tusifomati diski kabla ya kusoma daftari la kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kwa muda mrefu kuhusu namna tunavyozitibu diski za nje za kompyuta, zile ambazo wengi wetu hapa Tabora tunaziita ekstanal, zinapogoma kufunguka. Mimi ni fundi wa kompyuta, kazi yangu naifanyia katika kata ya Ng'ambo, na wateja wangu wengi ni makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika, walimu wa taaluma, wapiga picha za harusi na makarani wa ofisi ndogo ndogo. Watu hawa wameweka kazi ya miaka mingi ndani ya kasha moja linaloenea kiganjani, na siku kasha hilo linapokataa, jibu wanalopewa katika maduka mengi ni kwamba diski imekufa, ifomatiwe, yaani ifutwe na kuandaliwa upya, au inunuliwe nyingine. Jibu hilo mara nyingi hutolewa kabla ya mtu yeyote kusoma kile ambacho kompyuta yenyewe imekwisha kukiandika kuhusu ugonjwa huo.

Msimu uliopita wa masoko ya tumbaku, katibu wa chama kimoja cha msingi upande wa Sikonge alinijia na ekstanal ndani ya bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na uzito wa marobota, madaraja ya tumbaku na makato ya mkopo wa pembejeo ya kila mkulima kwa misimu minne. Duka alikopita kwanza walikuwa wameichomeka kwenye kompyuta yao, wakaona ujumbe unaosema kwamba diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, wakamtajia bei.

"Fundi, nimeambiwa hakuna namna," aliniambia. "Ifomati tu, nirudi nikaanze upya."

"Katibu, usiiguse kwanza. Kompyuta uliyokuwa ukiitumia na diski hii iko wapi?"

Alishangaa, kwa sababu alidhani mgonjwa ni diski peke yake. Kesho yake alirudi na laptopu ya chama, nami nikaiwasha bila kuchomeka kitu chochote. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, nikaandika eventvwr.msc, na programu iitwayo Event Viewer ikafunguka. Upande wa kushoto kuna Windows Logs, na ndani yake kuna System, ambalo ndilo daftari ambamo Windows huandika matukio ya vifaa, pamoja na saa, tarehe, jina la chanzo na namba ya tukio. Nilichuja nikabakiza mistari yenye chanzo kiitwacho disk na kiitwacho Ntfs tu, hiki cha pili kikiwa mfumo ambao Windows hupangia mafaili ndani ya diski.

Mstari wa namba 157 ulijirudia mara kumi na moja. Namba hiyo maana yake ni kwamba diski imeondoka ghafla bila kuagwa, kana kwamba mtu ameichomoa. Katikati yake kulikuwa na namba 11, inayosema kwamba kumetokea hitilafu kwenye kontrola, yaani katika njia ambayo data hupitia. Mwishoni kabisa kulikuwa na namba 55 kutoka Ntfs, inayosema kwamba mpangilio wa mafaili umeharibika. Namba 7, ambayo ndiyo hutangaza sehemu mbovu ndani ya diski yenyewe, haikuwapo hata mara moja. Nilimsomea katibu tarehe za zile namba 157 moja baada ya nyingine, naye akatoa kitabu chake cha ratiba akazilinganisha. Zote zilikuwa asubuhi za siku za soko. Siku hizo, alieleza, hubeba laptopu kutoka ofisini hadi kwenye banda la mizani huku ekstanal ikining'inia kwa waya wake.

Basi ugonjwa ulikuwa waya. Nilipouangalia kwa tochi karibu na kichwa chake niliona ganda limepasuka na nyuzi za ndani zimeanza kuonekana. Nikachukua waya mwingine mfupi, na diski ikafunguka, ingawa folda ya soko la mwisho ilikuwa inakataa. Sikuanza kuirekebisha papo hapo. Kwanza nilinakili kila kilichosomeka kwenda diski nyingine, na baada ya hapo ndipo nikatumia amri ya chkdsk yenye kiambishi /f, ambayo hurekebisha mpangilio wa mafaili. Faili moja lilipoteza mistari yake ya mwisho, na katibu akaiingiza tena kutoka kwenye stakabadhi za karatasi. Misimu minne ya jasho la wakulima ilikuwa imebakia kidogo tu ifutwe kwa sababu ya waya.

Ndugu Mhariri, ujumbe ule wa kufomati ndio chanzo cha madhara mengi, na wananchi wanapaswa kuuelewa. Hausemi kwamba diski imeharibika wala hausemi kwamba data haipo. Unasema tu kwamba Windows imejaribu kusoma mwanzo wa diski ikashindwa kuutambua. Waya mbovu huuleta, umeme hafifu wa tundu la USB huuleta, mpangilio wa mafaili uliovurugika huuleta, na diski inayokufa kweli huuleta vilevile. Tumefundishwa na wahudumu wetu wa afya kwamba si kila homa ni malaria, na kwamba mtu apimwe kabla ya kumeza dawa. Daftari la matukio ndicho kipimo chetu, na kufomati ni dawa ambayo haitapikiki. Ieleweke pia kwamba tangu Windows Vista, fomati kamili huandika sifuri juu ya diski nzima, kwa hiyo baada yake hakuna fundi atakayerudisha kitu. Fomati ya haraka huacha sehemu kubwa ya data mahali pake hadi iandikwe juu, lakini nayo hufuta ramani, na kutafuta mafaili bila ramani ni kazi ya siku nyingi isiyo na uhakika.

Nisingeandika barua hii kama kila mara ingekuwa waya. Mwaka huohuo mwalimu mmoja mstaafu wa Uyui aliniletea ekstanal iliyokuwa na sauti za wazee alizozirekodi kwa miaka mingi, wakisimulia yale waliyoyasikia kwa baba zao kuhusu misafara ya wapagazi iliyopita hapa ikielekea Ujiji. Naye alikuwa amepita duka fulani kwanza. Huko hawakufomati, na ninaamini walitaka kumsaidia, ila walitumia chkdsk yenye kiambishi /r, ambayo hupita kila sehemu ya diski ikitafuta pabovu, wakaiacha usiku kucha. Asubuhi diski ilikuwa inagonga tak, tak, tak, kisha inanyamaza. Ilipofika kwangu haikutambulika tena hata kwa ukubwa wake.

Nilimwomba mwalimu alete kompyuta yake ya nyumbani, na nikakuta daftari limeeleza yote. Mapema mwezi Machi kulikuwa na mistari mitatu ya namba 7. Baada yake zikaja namba 153, ambazo husema kwamba kompyuta ilijaribu kusoma mahali fulani ikashindwa na kulazimika kurudia, kwanza mbili kwa siku, kisha makumi, na kati yake namba 7 zikazidi kuongezeka. Kuanzia mstari wa kwanza mpaka usiku wa chkdsk zilipita wiki saba. Kwa wiki saba diski ile ilikuwa bado inasomeka sehemu kubwa, na kompyuta ilikuwa inaandika kila siku kwamba inakufa, na sisi sote, mwenye mali na mafundi, hatukufungua daftari. Mwalimu alikaa kwenye kiti changu muda mrefu bila kusema, kisha akaniuliza kama nilikuwa na hakika kwamba tarehe ile ya Machi ilikuwa sahihi. Ilikuwa sahihi.

Tofauti ya mambo haya mawili ndiyo ninayotaka mafundi wenzangu waizingatie. Pale ambapo daftari lina 157 na 11 bila 7, tunaanza na waya, tundu la USB na umeme, na diski yenyewe huenda ni nzima kabisa. Pale ambapo kuna namba 7 au mlolongo wa 153, kila dakika ambayo diski inazunguka ni dakika inayotolewa katika uhai uliobaki, na dakika hizo zitumike kunakili, si kukarabati. Kwa kazi hiyo kuna programu ya bure iitwayo ddrescue, inayotumika katika Linux, mfumo wa kompyuta unaoweza kutumika badala ya Windows, ambayo huanza kwa kuchukua sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikaziacha zile ngumu kwa ajili ya mwisho, na huku ikiandika ilipofika ili umeme ukikatika iendelee pale pale ilipoachia. Chkdsk ifanywe baadaye, tena juu ya nakala. Na anayesikia diski ikigonga aizime mara moja. Vichwa vya kusomea huelea nanomita chache tu juu ya sahani inayobeba data, ambayo katika ekstanal nyingi huzunguka mara 5400 kwa dakika, kwa hiyo kufungua diski ya namna hiyo juu ya meza ya duka, katika vumbi letu la kiangazi, ni kuimaliza.

Umeme nao una sura yake katika daftari hilo, na kwetu sura hiyo huonekana mara nyingi. Kompyuta ya mezani ikizimika kwa kukatika kwa umeme, siku inapowashwa tena huandika namba 41 kutoka chanzo kiitwacho Kernel-Power, au namba 6008 inayosema kwamba uzimaji uliopita haukutarajiwa. Ukiona 41 saa ileile mtu alipokuwa akinakili mafaili, na baadaye kidogo ukaona 55 ya Ntfs kuhusu ekstanal, basi unajua kwamba maandishi yalikatwa katikati na kwamba mpangilio ndio ulioumia. Hapo tiba ni kunakili kisha kurekebisha mpangilio, na mwenye diski ashauriwe kununua UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Kuna pia umeme mdogo usioonekana kwa macho. Tundu la USB 2.0 huahidi miliampia 500 na la USB 3.0 huahidi 900, ilhali diski inayozunguka huhitaji nguvu zaidi pale inapoanza kuliko inapokwisha kushika kasi. Ukiichomeka kwa waya mrefu, au kupitia kigawanyio cha USB kisicho na adapta yake pamoja na kipanya na flashi mbili, itaanza, itaishiwa nguvu, itaondoka, itarudi, na daftari litajaa 157. Nimeona diski mpya kabisa zikirudishwa dukani kwa sababu hiyo.

Wanaotumia Linux wana daftari hilohilo kwa njia nyingine. Amri ya dmesg au journalctl -k huonyesha maneno ya kiini cha mfumo, na maneno "USB disconnect" hulingana na habari ya waya na umeme, wakati "critical medium error" hulingana na ugonjwa wa sahani. Mimi huwa na flashi yenye Linux dukani kwa ajili hiyo tu, maana Linux haimshawishi mtu kufomati.

Baada ya daftari la mfumo kuna kumbukumbu nyingine ambayo diski hujiandikia yenyewe, iitwayo SMART. Humo namba 5 huhesabu sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizokwisha kuhamishwa kwa sababu ya ubovu, 197 huhesabu zinazosubiri uamuzi, na 199 huhesabu makosa ya njia ya data wala si ya sahani. Ikiwa 197 inaongezeka kila ukiisoma, usingoje. Lakini makasha mengine ya USB hayapitishi habari za SMART, na wapo mafundi wanaoona skrini tupu wakadhani diski ni salama. Ndiyo sababu naliweka daftari la mfumo mbele, kwa kuwa hilo huandikwa upande wa kompyuta na halihitaji ruhusa ya kasha.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mteja mwenyewe anaweza kulifanya bila kujua ufundi wowote. Aje na kompyuta yake. Ushahidi wa daftari hilo haumo ndani ya ekstanal, umo katika kompyuta iliyokuwa ikitumia ekstanal hiyo, na fundi anayechomeka diski kwenye mashine ya duka huanza na ukurasa mtupu. Daftari la System kwa kawaida limewekewa kikomo cha megabaiti 20, na likijaa hufuta ya zamani ili kupata nafasi ya mapya, kwa hiyo asikae na tatizo miezi mingi. Asikubali pia kuwekewa Windows upya kabla ya kusomwa, kwa sababu daftari la zamani huondoka nayo. Na kama betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta imekufa, ile ya mviringo kama sarafu, tarehe zitakuwa za uongo. Fundi ahakikishe saa kabla ya kujenga hoja juu yake.

Kosa moja la usomaji linanipa wasiwasi kuliko mengine. Daftari huitaja diski kwa namba, si kwa jina, na Windows huanza kuhesabu kwa sifuri. Harddisk0 mara nyingi ni ile ya ndani, na Harddisk1 mara nyingi ni ya nje, lakini sharti uthibitishe katika Disk Management, sehemu ya Windows inayoonyesha diski zote, kabla ya kutoa hukumu. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuja akilalamikia ekstanal yake kwamba inagandisha kompyuta, na kumbe namba 7 zote zilikuwa za Harddisk0. Iliyokuwa inakufa ni diski ya ndani, iliyokuwa na ripoti yake ya utafiti ambayo hakuwa na nakala yake popote.

Nimewahi kuwaeleza wenzangu haya na nimepata majibu mawili. La kwanza ni kwamba daftari limeandikwa kwa Kiingereza kigumu na fundi kijana hawezi kulielewa. Nalikataa jibu hilo kwa heshima, kwa sababu kinachohitajika kwanza ni namba, na namba husomwa vilevile na aliyesomea ng'ambo na aliyejifunzia kazi dukani. Karatasi moja iliyobandikwa ukutani yenye 7, 11, 41, 55, 153 na 157, na maelezo ya Kiswahili mbele ya kila moja, inatosha kuanzia. La pili ni kwamba mteja ana haraka. Kulisoma daftari huchukua dakika tano. Sijapata kumwona mteja aliyekataa kungoja dakika tano baada ya kuambiwa kwamba zinaweza kuokoa picha za mtoto wake.

Niongeze kwamba kusoma daftari hakumlazimu fundi kufungua faili hata moja la mteja. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwezi Mei 2023, sisi tunaoshika diski zenye majina, madeni na matokeo ya watu tunapaswa kuwa waangalifu zaidi kuliko zamani, na kipimo kinachotambua ugonjwa bila kuchungulia siri za mgonjwa kinatufaa sana.

Kwa sababu hizo naviomba vyuo vyetu vya ufundi stadi viingize usomaji wa daftari la matukio katika mafunzo ya matengenezo ya kompyuta, kabla ya somo la kufomati na si baada yake. Nawaomba wateja, kabla ya kukubali neno kwamba diski imekufa, waulize swali moja tu: daftari limesema namba gani? Na nawaomba mafundi wenzangu wa Tabora, kuanzia Kanyenye hadi Isevya, tuandike namba hizo kwenye risiti, pamoja na tarehe ya mstari wa kwanza, ili mteja akienda kwa fundi mwingine aende na cheti chake mkononi. Mimi nimeanza kufanya hivyo, na wiki iliyopita karani mmoja alirudi na risiti yake ya kwanza akanionyesha kwamba 153 moja niliyomwandikia mwezi mmoja kabla zimekuwa tisa. Diski yake tuliinakili siku hiyohiyo, yote.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi kompyuta,
Ng'ambo, Tabora